Barua kwa mwanangu: unapomhukumu mtu, na miaka iliyobaki

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Umeniuliza maswali mawili ukayafunga pamoja. La kwanza, kama ni kweli kwamba anayewahukumu wenzake huwa anajianika mwenyewe, kwa sababu huko ghalani Mwaloni, kwenye soko la samaki la Mwanza, kila mtu anakukera: kuli mvivu, mama wa mizani mjanjamjanja, dereva mjeuri. La pili, umesoma kwamba Mtanzania huishi kama miaka 66, wewe una 34, basi umebakiwa na 32 na hutaki kuimaliza ukinung'unika. Naanza na hesabu, maana umeikosea.

Miaka hiyo 66 ni wastani wa wote wanaozaliwa, wakiwemo watoto wanaofariki kabla ya kufikisha miaka mitano. Mtoto mmoja akifa siku ya kwanza na mwenzake akaishi hadi 80, wastani wao ni 40, wala hakuna kati yao aliyekufa na miaka 40. Wewe umeshavuka utoto, kwa hiyo umri unaotarajiwa kwako umepita huo 66. Ukomo nao upo. Jeanne Calment wa Ufaransa, aliyefariki Agosti 1997 akiwa na miaka 122 na siku 164, ndiye aliyeishi muda mrefu kuliko watu wote ambao umri wao umethibitishwa kwa nyaraka, na tangu hapo hakuna aliyemfikia. Kabla yake sana, mwaka 1825, Mwingereza Benjamin Gompertz, aliyefanya kazi ya hesabu za bima, alionyesha kwamba hatari ya mtu mzima kufa ndani ya mwaka haiongezeki kwa kujumlisha bali kwa kuzidisha. Kwa takwimu za siku hizi hujirudufu kila baada ya miaka minane hivi. Piga mwenyewe: kutoka 34 hadi 74 imejirudufu mara tano, ndiyo kusema hatari ya mtu wa miaka 74 ni kama mara 32 ya yako. Kwa hiyo unapohesabu miaka, usihesabu yako peke yake. Hesabu na ya yule unayemhukumu. Nitalirudia hili mbele.

Sasa kuhusu kujianika. Jibu langu ni kwamba kuna ukweli ndani yake, ila una mipaka, na watu wengi huuvusha mipaka hiyo. Mwaka 2010 watafiti Dustin Wood, Peter Harms na Simine Vazire walichapisha utafiti ambao watu walitakiwa kueleza tabia za wenzao wanaowafahamu. Walichokuta ni kwamba mwelekeo wa jumla wa mtu, yaani anavyowaona watu kwa ujumla wao kuwa wema au wabaya, unahusiana na tabia yake mwenyewe. Wanaowaona wengi kwa wema walikuwa na furaha zaidi na wanapendwa zaidi; wanaowaona wengi kwa ubaya walikuwa na dalili nyingi zaidi za kujikweza. Shika neno "kwa jumla". Lawama juu ya mtu mmoja haitoshi kukupima. Lawama ileile ikiangukia watu watano wasiofanana, hapo ndipo uchukue kioo.

Chukua karatasi basi, uandike majina ya watu uliowalaumu wiki hii, na mbele ya kila jina neno ulilolitumia. Neno likijirudia, mathalani "hawaniheshimu", linakueleza wewe zaidi ya wao: pengine una njaa ya kuheshimiwa, na njaa hiyo huona dharau hata pale ambapo mtu amechoka tu. Maneno yakiwa tofauti kama haya matatu yako, mvivu, mjanja, mjeuri, tafuta kwanza kinachowakutanisha watu hao. Wanakutana kwenye ghala moja. Mzigo wa dagaa ukichelewa kutoka visiwani, kuli anakaa bila kazi, mama wa mizani anasukumwa aharakishe, dereva anakosa foleni yake. Ukifika wewe unakuta sura tatu mbaya, na mzizi wake ni mmoja, tena uko majini.

Kosa hili la kumtazama mtu na kusahau mazingira yake limechunguzwa siku nyingi. Mwaka 1967 Edward Jones na Victor Harris waliwapa wanafunzi wa chuo huko Marekani insha za kumuunga mkono au kumpinga Fidel Castro, kiongozi wa Cuba. Hata walipoambiwa wazi kwamba mwandishi alipangiwa upande wa kuandika, hakuchagua mwenyewe, bado walielekea kuamini kwamba insha ilionyesha msimamo wake halisi. Walijua amelazimishwa, na bado wakamhukumu. Ndiyo maana kujiambia "nisihukumu" hakusaidii kitu. Inabidi kuwe na hatua za kufuata, na zifuatwe kwa maandishi, maana kichwani hukumu hujibadilisha ikaonekana kama kumbukumbu.

Tufanye kwa yule kuli. Andika sentensi kama unavyoisema: "Ni mvivu, hajali kazi." Kisha futa kila neno ambalo kamera ya simu isingeweza kulirekodi. "Mvivu" linafutika, "hajali" linafutika. Kinachobaki ni hiki: Jumatatu na Jumatano amefika saa mbili na dakika ishirini, wakati kazi inaanza saa moja. Chini yake andika sababu tatu zinazoweza kuleta jambo hilohilo, na angalau moja isiwe ya kumsifu wala ya kumlaumu. Halafu jiulize: mimi nikichelewa huwa naiitaje? Ukikuta yako unaiita dharura na yake unaiita uvivu, umeipata sehemu ya hukumu iliyo yako. Mwisho muulize yeye, na swali lisiwe "Kwa nini unachelewa?", maana hilo ni shtaka na atakujibu kama mshtakiwa. Muulize, "Asubuhi unatokea wapi, na usafiri ukoje?" Wewe ukinunua gunia la dagaa hulipimi kwa kutazama pale juu, unazamisha mkono mpaka chini ujue kama kuna mchanga. Swali la namna hiyo ndiyo mkono wako.

Hatua hizi huharibika kwa njia zinazojulikana. Ukiziandika ukiwa na njaa au hasira mbichi, zile sababu tatu zote zitakuwa matusi yaliyovaa shati. Subiri ule, ulale, uandike kesho yake. Ukimuuliza mbele ya wenzake atajitetea mbele ya wenzake. Na ukiuliza huku umeshaamua, atalisikia hilo kwenye sauti yako kabla hujafika katikati ya swali.

Mahali hukumu ya jicho inapoweza kufika, mama, sisi wa kanda hii tunapajua. Kwa miaka mingi vijijini Mwanza, Shinyanga, Simiyu na Geita vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na dalili iliyotajwa mara nyingi ni macho mekundu. Litazame jicho hilo kwa karibu. Mwanamke anapika kwenye mafiga ndani ya nyumba isiyo na dirisha, kwa kuni mbichi, kwa mabua ya pamba, na pale miti ilipokwisha, kwa kinyesi kikavu cha ng'ombe. Ameanza akiwa na miaka 12. Akifika 65 amekula moshi zaidi ya miaka 50. Ongeza trakoma, ugonjwa wa macho ambao vijidudu vyake huenezwa na mikono, vitambaa na inzi. Mtu akiambukizwa tena na tena, kope hugeukia ndani na nywele zake hukwaruza jicho kila anapopepesa. Wanawake huipata zaidi kwa sababu ndio wanaoshinda na watoto wadogo. Hayo yote yana tiba na kinga: kunawa uso, dawa ya kuua vijidudu, upasuaji mdogo wa kope, jiko la nje. Dirisha moja na bomba la moshi vingeufuta ushahidi mwingi.

Sasa mgeukie mshtaki. Huyu amefiwa na mtoto kwa malaria, yule ng'ombe wake wamekufa, mwingine analitaka shamba ambalo mjane bado analikalia. Anakwenda kwa mpiga ramli na uchungu wake au tamaa yake, anarudi na jina la jirani. Aliyetazamwa ni bibi kizee, lakini kilichoonekana kilitoka nyumbani kwa mtazamaji. Na kosa hilo halina marekebisho, kwa kuwa aliyehukumiwa hayupo tena wa kuulizwa.

Nakuonya pia upande wa pili. Usilifanye jambo hili la kioo kuwa fimbo. Utawasikia watu wakisema nyani haoni kundule kila wanapokamatwa, ili aliyewakamata anyamaze. Mama wa mizani kama anaweka kidole kwenye sahani, anaweka kidole kwenye sahani, na hilo halikuhusu wewe hata kidogo. Pima kilo kumi zilezile kwenye mizani nyingine mara tatu, uandike tofauti. Tofauti ikibaki baada ya sifa zote kufutwa, na ikionekana kwa mtu asiye na ugomvi naye, ni kosa lake. Mwambie mwenye ghala. Kuna wema wa uongo wa kujilaumu mwenyewe ili kukwepa kumkabili mtu, na sitaki uuzoee.

Nimeona pia ulipopitisha neno juu ya shangazi yako wa Sengerema, kwamba ni mchoyo kwa kuwa alikataa kuchangia harusi ya kaka yako. Hapo ndipo hesabu ya miaka inapohusika. Shangazi ana miaka 71. Wewe humtembelea mara mbili kwa mwaka. Mungu akimjalia kufika 80, mmebakiza kuonana mara 18. Akiugua, zitapungua, wewe ukipata mtoto, zitapungua tena. Hukumu hiyo ina muda mfupi wa kusahihishwa kuliko ile ya kuli, na bado yeye ndiye uliyemhukumu kwa ushahidi mdogo kuliko wote: alisema "sina" mara mbili kwenye simu. Hujaona dawa zake za presha zinagharimu kiasi gani kwa mwezi. Hujui wajukuu wangapi wanakula kwake.

Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tangu Juni 2025, siku hizi hakuna kusubiri kivuko. Ukiondoka Mwanza asubuhi, mchana uko kwake. Mpigie kwanza, hapendi kushtukizwa. Beba sukari na sabuni, ukae naye jikoni, umsaidie kupika, na habari ya mchango usiitaje kabisa. Muulize mwaka huu shamba limekwendaje na nani anamsaidia. Ukirudi bado unamwona mchoyo, niandikie uniambie ulichokiona. Nitakuamini.

Mama yako