Vodka hugemwa au hupikwa?

SWALI: Katika makala yangu kuhusu vodka ya Poland na Urusi niliandika kuwa Wapolandi "walipika vodka kwa ngano na viazi". Mhariri amefuta "walipika" akaweka "waligema", eti kupika ni kwa chakula na pombe hugemwa. Nani amepotoka?

JIBU: Mhariri. Kugema ni kazi ya kotama: mgema hupanda mnazi, akakata ncha ya karara changa, akatundika kibuyu, utomvu ukadondoka na kuchacha wenyewe huko huko juu. Hakuna moto wala chungu. Poland na minazi wapi na wapi?

Vodka huanza na nafaka, hasa ngano au rai (nafaka jamii ya ngano). Husagwa, ikachanganywa na maji ya moto na kimea ili wanga ugeuke sukari, kisha ikatiwa hamira ichachuke. (Viazi vilikuja baadaye sana, vilishika kasi karne ya 19.) Hadi hapo kilichopo bado ni ndugu wa bia. Ndipo moto unapofanya kazi yake: alkoholi huchemka kwenye nyuzi 78 hivi na maji kwenye 100, kwa hiyo mvuke wenye alkoholi nyingi hutangulia, ukapozwa kwenye bomba na kudondoka. Mwishoni huongezwa maji, kwa kawaida mpaka kileo kiwe asilimia 40. Ikiwa chini ya 37.5, Umoja wa Ulaya hauruhusu iitwe vodka.

Aliyewahi kuona mtambo wa gongo, lile pipa, bomba na maji ya baridi, haoni jambo geni hapo. Gongo hupikwa, chang'aa hupikwa, na vodka hupikwa. Udhaifu wa "kupika" ni kwamba pombe ya mtama nayo hupikwa, ingawa hakuna anayekinga mvuke wake. Kwa hiyo unapoeleza hatua za kiwandani, tumia "keneka", yaani kuchemsha na kukinga mvuke: "nafaka huchachushwa, kisha kileo hukenekwa." Baani hutalisikia, lakini wanakemia wanalo. "Walitengeneza" si kosa, ila limepwaya.

Kwa kuwa umenitumia aya nzima, nina mengine mawili. Umeandika kuwa Warusi hugonganisha glasi wakisema "na zdorovye". Hayo ni ya mwenyeji anapojibu shukrani za mgeni aliyeshiba. Kwenye glasi husema "za zdorovye" ("kwa afya"). Wapolandi ndio wenye "na zdrowie".

Tena, "gramu mia" umeigeuza kuwa "mililita mia". Irudishe. Mrusi huagiza vodka kwa gramu, akainywa baridi kwa mkupuo na kutafuna tango la chumvi, na askari wa Kisovieti waliokuwa mstari wa mbele waligawiwa gramu 100 kwa siku kuanzia 1941.