Panya aliyetakiwa kuwa wa rangi ya chungwa

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mdogo wangu tunasoma kwa zamu riwaya za Harry Potter, na sasa tunabishana. Yeye anashikilia kwamba uchawi wa kubadili rangi ni kiinimacho, yaani anayedanganyika ni mtazamaji, ilhali kitu chenyewe hakijabadilika. Mimi nasema rangi hubadilika kweli. Isitoshe, neno Colovaria linalotajwa na wachezaji wa michezo ya kompyuta hatujaliona kitabuni. Tuamulie.
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, nakuunga mkono wewe, na shahidi wangu ni panya wa mtihani. Katika kitabu cha tano, kilichotoka mwaka 2003, wanafunzi wa mwaka wa tano pale Hogwarts, shule ya uchawi, wanafanya mtihani wa vitendo wa somo la Profesa Flitwick, na Harry anatakiwa amgeuze panya awe wa rangi ya chungwa. Anapotabana, anachanganya maneno ya kubadili rangi na yale ya kukuza, na panya anavimba mpaka anatoshana na nyegere kabla Harry hajawahi kulirekebisha kosa. Uvimbe ule haukuwa wa machoni tu, na sioni kwa nini rangi, inayofundishwa na kutahiniwa katika somo hilohilo, iwe ya kudanganya macho.

Hata hivyo, mdogo wako amegusa jambo la maana. Kugeuza kitu kiwe kingine ni kazi ya somo la Profesa McGonagall, ambalo ni jingine kabisa. Kwa Flitwick kitu hupewa sifa mpya bila kupoteza asili yake, kwa hiyo panya wa rangi ya chungwa angebaki panya, mwenye njaa na meno yaleyale. Nywele za Tonks, yule mchawi wa kike abadilishaye sura yake, msizitie katika hesabu hii, maana yeye hubadilika bila kutabana chochote, kwa kipaji alichozaliwa nacho.

Kuhusu Colovaria, mmetafuta vizuri: neno hilo ni la michezo ya kompyuta, na katika riwaya zote saba halimo. Mwandishi ametuonyesha uchawi wenyewe bila kututajia maneno yake, nami naona amefanya vyema, kwa sababu maneno ndiyo yanayowaponza wahusika wake. Rudini kwenye safari ya treni katika kitabu cha kwanza, cha mwaka 1997, Ron, rafiki wa Harry, anapotaka panya wake awe wa manjano: anasoma kijishairi chenye vina alichopewa na kaka yake George, anapunga kifimbo, na panya anabaki wa kijivu, tena yuko usingizini. Na baada ya mtihani ule, Harry alimficha Hermione, rafiki yao aliye hodari wa masomo, habari za panya aliyevimba lakini hakuona haya kumsimulia Ron, ambaye siku hiyohiyo alikuwa ameigeuza sahani kuwa uyoga mkubwa bila kujua alivyofanya.