Shehe kajibu, kaka zangu wanatafuta shehe mwingine

SWALI: Asalaam aleykum. Mi ni dada wa hapa Ujiji. Baba kafariki, mama alitangulia zamani, babu na bibi pia, tumebaki watatu, kaka wawili na mimi. Kuna nyumba na shamba la michikichi kule Mwandiga. Kaka zangu ni watu wa swafu ya kwanza kabisa, ila kwenye mirathi wanasema shamba la ukoo haliendi kwa mkwe. Wenyewe ndo walienda kumuuliza shehe, kawaambia dada yenu ana haki, wakanuna, sa hivi wanazunguka kutafuta shehe mwingine. Mi nilitaka tugawane sawa sawa tu yaishe. Kwa nini mtu amuulize Mungu halafu akatae jibu?

JIBU: Waaleykum salaam dada yangu, pole na msiba. Kaka zako wameelewa vizuri sana, tusiseme hawana elimu, maana mtu asiyeelewa hurudi kuuliza tena kwa yule yule, ila mtu anayebadilisha shehe huyo jibu analo tayari mfukoni, anatafuta wa kumgongea muhuri tu. Qur'an inalisema hili kwenye Al-Baqara aya ya 87, kwamba Mtume akija na jambo ambalo nafsi haikulipenda watu wanajivuna. Na swala haimgusi mtu mfukoni, ndo maana kuswali tunaweza lakini kuachia michikichi inayotoa mawese kila msimu, hapo roho inauma kweli, na mtu anaanza kusema mila, ukoo, mkwe.

Wakati wa ujahilia, yaani kabla ya Uislamu, wanawake walikuwa hawapewi kitu, ikashuka An-Nisaa aya ya 7, wanaume wana fungu na wanawake wana fungu, kiwe kidogo au kingi. Mkwe hajatajwa hapo, mali ni yako wewe.

Ila dada yangu nakuomba na wewe usikilize na usinichukie. Aya ya 11 inampa wa kiume mara mbili ya wa kike, kwa hiyo yakishalipwa madeni na wasia wa marehemu, mali inagawanywa mafungu 5, kila kaka 2, wewe 1. Theluthi uliyoitaka siyo haki yako, wakikuongezea kwenye fungu lao kwa hiari ni sadaka yao. Najua hili halikupendezi, ndo palepale kaka zako waliposimama, nafsi ni ile ile.

Nenda ofisi ya wilaya ya BAKWATA, lile Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, mkiwa wote watatu, beba cheti cha kifo na karatasi za nyumba na shamba. Wakigoma kuja, fungua mirathi Mahakama ya Mwanzo, na kabla hapajagawanywa usikubali shamba liuzwe wala usisaini karatasi yoyote hata ukiambiwa ni ya kumaliza mambo kifamilia.