Jibu kwa dada anayemuuguza mama: anza na shanga za karatasi

Pole sana dada kwa kuuguza, Mungu amjalie mama nafuu. Umesema usingizi umekukimbia, mikono haitulii, simu unaishika mpaka saa nane usiku bila kujua unachosoma, na sasa unatafuta kazi ya mikono isiyotaka kipaji, pesa nyingi wala nafasi, maana unaishi bedsita, chumba kimoja tu. Wengi wamekushauri kroshia. Ni kazi nzuri, lakini ina kuhesabu ndani yake, na akili iliyochoka ikipoteza hesabu inabidi ufumue mstari mzima. Kiondo nacho kinataka mtu wa kukuanzishia kitako. Shanga za udongo, kama zile za kiwanda cha Kazuri kule Karen, Nairobi, zinazotengenezwa tangu 1975, haziwezekani bila tanuri. Ushauri wangu ni shanga za karatasi, yaani utepe wa karatasi unaoviringishwa na kugandishwa kwa gundi hadi uwe ushanga.

Nazipendekeza kwa sababu kazi yake ina sehemu mbili ambazo unaweza kuzitenga kabisa. Kupima na kukata kunahitaji akili, kuviringisha kunahitaji vidole tu. Kwa hiyo kata siku ile unayojisikia una nguvu, uweke akiba kwenye mkebe. Saa mbaya ikifika hutafuti rula wala huamui chochote. Unafungua mkebe, unachukua utepe, unaviringisha. Wengi huziacha kazi za mikono wakati wa shida kwa kuwa kila wakitaka kuanza wanakutana na maamuzi kumi kabla vidole havijagusa kitu.

Karatasi usinunue. Kalenda za mwaka uliopita, majarida kuukuu na vile vijitabu vya ofa vya supamaketi vinatosha. Karatasi ya jarida inayong'aa ndiyo bora: haifyonzi gundi haraka na rangi yake haichujuki upesi. Gazeti linaacha wino vidoleni na hulainika likiguswa na gundi, tena lina habari. Jicho likikamata neno, akili inaondoka nalo. Ukilazimika kutumia gazeti, toa kwanza kurasa za matangazo ya tanzia, hasa kipindi hiki.

Kijiti cha kuviringishia ni spoku moja ya baiskeli, unene wake kama milimita 2, fundi wa baiskeli yeyote atakukatia kipande cha sentimita 12. Mwambie apige tupa ncha zote mbili zisikuchome. Vijiti vya meno ni vyepesi kupata, ila vinafyonza gundi, vinavimba na kung'ang'ania ndani ya ushanga. Sugua spoku kwa mshumaa kila baada ya shanga chache, hapo ushanga utateleza wenyewe. Mengine ni rula, penseli, mkasi mkali na gundi nyeupe ya mbao kutoka hadwea ya mtaani.

Sasa kukata. Chukua karatasi ya A4, yaani sentimita 21 kwa 29.7. Kwenye ukingo mfupi wa juu tia alama kila sentimita 1.5 kuanzia pembeni kabisa. Kwenye ukingo mfupi wa chini anza na alama ya sentimita 0.75, kisha endelea kila 1.5. Unganisha alama za juu na za chini kwa mistari ya kwenda na kurudi, na utapata pembetatu nyembamba ndefu, 27 nzima, pamoja na vipande viwili vya pembeni vya kutupa. Upana wa kitako cha pembetatu ndio urefu wa ushanga wako, na urefu wa utepe ndio unene wake. Karatasi ya jarida ya urefu huo hutoa ushanga unaokaribia unene wa penseli. Ya kalenda ni nzito zaidi, basi ipunguze hadi sentimita 20 ukitaka unene uleule.

Usichague kipande kwa ajili ya picha iliyo katikati. Picha hiyo itafunikwa. Kinachobaki kuonekana ni kingo mbili za utepe, zinazotokea kama mistari myembamba myembamba, pamoja na sentimita chache za mwisho kuelekea ncha. Ncha nyekundu yenye kingo za buluu hutoa ushanga mwekundu katikati, wenye miviringo ya buluu hadi kwenye matundu. Ukishalijua hilo utaanza kuyaangalia majarida kwa jicho jingine.

Kuviringisha: laza utepe mezani, uso unaoutaka ukiangalia chini. Weka spoku juu ya upande mpana, uikunje karatasi juu yake kwa kucha, uzungushe mara nne tano bila gundi yoyote. Sentimita 3 za kwanza lazima zibaki kavu, la sivyo ushanga utaganda kwenye chuma. Baada ya hapo paka gundi kidogo sana kwa ncha ya kidole kwenye sehemu iliyobaki, endelea kuzungusha kwa vidole gumba, na kila mzunguko utazame nafasi ya kushoto na ya kulia ya utepe. Zikilingana, ncha itatua katikati. Zikianza kupishana, usivute kwa nguvu, rudisha mizunguko miwili uinyooshe. Mwisho bana ncha kwa kidole kwa muda wa pumzi tatu ndefu, kisha uchomoe. Dakika mbili hivi, na kitu kimoja kimekamilika mkononi mwako. Ukitaka kuacha, unaachia hapo hapo bila kuharibu chochote, na hiyo ni faida kubwa kwa mtu ambaye anaweza kuitwa na mgonjwa wakati wowote.

Makosa yanayojirudia ni haya. Ushanga ukiwa mlegevu, tumbo lake la ndani husukumwa nje upande mmoja. Ukiuwahi kabla haujakauka, ugongeshe polepole mezani urudi ndani. Ukishakauka, uache. Gundi ikizidi, karatasi inakunjamana na kuacha madoa meupe. Ikipungua, ncha inanyanyuka baada ya siku moja, lakini hilo linatibika kwa tone dogo na kubana tena. Shanga zako za mwanzo zitakuwa zimepinda, ziweke tu pamoja na nyingine, zikishatungwa hazionekani.

Kwenye vanishi ndiko watu huharibu kazi, kwa haraka. Kwanza zifunike kwa gundi nyeupe iliyochanganywa na maji, kiasi sawa kwa sawa, ziache zikauke usiku kucha. Hiyo inazuia wino kuchujuka. Kisha paka vanishi angavu tabaka mbili nyembamba, ukiacha siku nzima katikati. Juni hadi Agosti, Nairobi ikiwa baridi na mawingu, ongeza siku nyingine. Tabaka moja nene halikauki vizuri, hubaki linanata na kuokota vumbi, na tone linaloshuka huziba tundu. Zitundike kwenye waya uliovutwa dirishani, zisigusane. Na tafadhali, usipake vanishi ya mafuta ndani ya bedsita iliyofungwa, wala karibu na jiko au mshumaa stima zikipotea: mvuke wake unashika moto, na kwa mtu aliye na shida ya kifua si salama hata bila moto. Tafuta ya maji, au kazi hiyo ifanyie veranda mchana. Kama zote hazipatikani, rangi ya kucha isiyo na rangi inatosha kwa shanga chache, nayo iwekwe mbali na moto vilevile.

Kwa foleni za hospitali, andaa mkebe mdogo: tepe zilizokatwa, spoku, na gundi ya kijiti ile ya wanafunzi, maana gundi ya majimaji humwagika kwenye matatu. Mkasi uache nyumbani. Weka tepe 20 tu kwa wakati mmoja, zikiisha funga. Mkebe uliojaa hugeuka kuwa deni jingine la kulipa.

Utasikia pia watu wakikwambia uziuze. Kwa sasa kataa. Siku ukipokea oda, rangi zinachaguliwa na mtu mwingine na kuna tarehe ya kukabidhi, na kazi iliyokuwa inakupumzisha imeungana na zile zinazokuchosha. Mama akipata nafuu utalifikiria.

Na kuna mambo ambayo shanga haziwezi. Kama usingizi umepotea kwa wiki kadhaa, au umeanza kuona heri usiwepo, usikae nalo peke yako. Piga 1199, laini ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, au umwambie daktari wa mama siku mkienda kliniki. Hao wanaouguza nao hutibiwa.

Ukishapata shanga za kutosha, bangili ya mkono ni rahisi. Pima kifundo cha mkono kwa uzi, ongeza sentimita 2, kwa kuwa unene wa shanga unakula nafasi upande wa ndani. Kwa kifundo cha sentimita 16 unahitaji mtungo wa 18, yaani shanga 10 za karatasi, na kati yake vishanga vya kioo vya milimita 3, ambavyo vinapatikana soko la Kariokor, Nairobi. Tumia uzi wa mpira, uunyooshe mara kadhaa kabla ya kutunga ili usije ukalegea baadaye. Funga fundo la kawaida ila ncha izungushwe mara mbili, tia tone la gundi, livute liingie ndani ya tundu la ushanga, na mikia uikate gundi ikishakauka. Ivue kabla ya kuosha vyombo, vanishi haizuii maji kabisa. Ukikwama kwenye kuviringisha, tuma picha ya ushanga kwa upande wa tundu, hapo ndipo kosa huonekana.