Sifuri niliyoifuta

Swali lenu la juma hili linasema: «Kikundi cha mtaa kifanye nini ili ombi lake la fedha likubaliwe na wafadhili?» Nililisoma Jumanne asubuhi kabla ya kuingia darasani, na siku nzima halikunitoka kichwani. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na kwa miaka 8 sasa ni mwandishi wa kikundi cha akina mama wanaouza katika kasoko kamoja ka Mabanga Nord, hapa Goma, mashariki mwa Kongo. Nimeandika maombi 5 kwa mkono wangu. Moja tu lilikubaliwa, nalo kwa nusu. Jibu la kwanza lililonijia lilikuwa fupi: kikundi kisiombe. Kikusanye mia mia zake, kijenge kinachowezekana, kiwe na amani.

Sababu ninazo. Ya kwanza ni karatasi. Wafadhili wengi wanataka kikundi kiwe na hati ya kutambuliwa na serikali, na sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 inasema hati hiyo inatoka kwa waziri wa sheria, yaani Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka kasoko ketu. Wakati wa kusubiri unaweza kufanya kazi kwa ruhusa ya muda ya miezi 6. Lakini nani anayeifuatilia dosie kule? Muuza ndizi? Nani analipa anayepita ofisi kwa ofisi? Ya pili ni benki: wanataka akaunti yenye sahihi za watu wawili au watatu. Mwisho wa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, benki zilifunga milango, na tulikuwa na dola 112 za likelemba, yaani pesa tunazochangiana kwa zamu, ndani.

Ya tatu ndiyo inayoniuma zaidi, nayo ni maneno. Akina mama walisema wanataka choo. Fomu ilikuwa ya Kifaransa, na nilipomaliza kuijaza choo kilikuwa kimegeuka «miundombinu ya usafi inayozingatia jinsia». Niliwasomea kwa Kiswahili ili wakubali kabla sijapeleka. Mama mmoja anayeuza makala, yaani mkaa, akaniuliza kwa sauti ya chini, «Mwalimu, hiyo ndiyo choo yetu?» Nilimjibu ndiyo, na niliona haya.

Halafu kuna ahadi. Mwaka 2016, kule Istanbul, wafadhili wakubwa na mashirika makubwa waliahidi kwamba kufikia 2020 angalau asilimia 25 ya fedha za misaada ya dharura zingewafikia wenyeji wenyewe kwa njia fupi iwezekanavyo. Mwaka 2020 ulipita na kiasi hicho hakikufikiwa. Sisi huku tulikuwa tunaulizwa kama tuna mkaguzi wa hesabu.

Basi nilikaa jioni niandike hayo na kuweka nukta. Lakini nilipofika kwenye hesabu nikakumbuka kaye, yaani daftari, la mama mweka hazina, na jibu langu likaanza kuyumba. Nawaomba mnivumilie, kwa sababu nitakaa hapo kidogo.

Ili kaye lieleweke lazima nieleze shimo kwanza. Kartiye yetu, yaani mtaa wetu, inaitwa Mabanga, na kwa Lingala maana yake ni mawe tu. Nyumba zetu zimekaa juu ya lava ya zamani ya volkano ya Nyiragongo. Mahali pengine mtu akitaka choo anachukua jembe na sururu, siku tatu shimo limeisha. Hapa kwetu ganda la juu lina matundu matundu, unalipiga baramini, ule mtaimbo wa chuma, na linapasuka, unafikiri kazi ni nyepesi. Ukishuka kama urefu wa goti unakuta jiwe limeshikana, jeusi, halina ufa. Unapiga, baramini inaruka na kukurudishia mtetemo mpaka kwenye meno. Unatafuta ufa mdogo, unaweka patasi, unapiga nyundo kubwa, unatoa kipande kama kichwa cha mtoto. Ndiyo kazi ya nusu saa.

Kasoko hakakuwa na choo. Akina mama karibu 60 walikuwa wanakaa pale tangu asubuhi mpaka jioni, na aliyebanwa alikwenda kwenye nyumba za jirani akilipa faranga 200. Wengine walikuwa hawanywi maji mchana kutwa ili wasihitaji kwenda. Na hapa Goma kila mtu anajua kipindupindu kinavyorudi. Mwaka 2020 wakaamua kuchimba wenyewe: mita 2 kwa mita moja na nusu, kwenda chini mita 3. Vijana wa avenyu walipiga baramini, akina mama walibeba mawe na kuyavunja, kila Jumamosi na siku nyingine katikati ya juma. Ilichukua siku 41 za kazi. Mimi nilifika siku chache, na sitajidai.

Mei 22, 2021, volkano ikalipuka. Siku tano baadaye tukaamriwa kuhama, kartiye 10 za mji kati ya 18, na yetu ikiwemo. Tulitoka kwa miguu kuelekea mji mdogo wa Sake na watoto, magodoro, kuku. Tuliporudi shimo lilikuwa palepale, limejaa majivu meusi na takataka kidogo. Miezi michache baadaye tukaletewa habari kwamba kuna mfadhili anayetoa pesa kwa vikundi vidogo, mwisho wa kupokea maombi ni Ijumaa. Ilikuwa Jumatano.

Usiku huo tulikuwa watu wanne nyumbani kwa mama mweka hazina. Yeye anauza sambaza, samaki wadogo wa ziwani. Umeme ulikuwa umekatika, tulikuwa na taa moja ndogo ya sola juu ya bidoni (dumu) iliyogeuzwa. Tulikuwa tunaomba dola 2,800 za kufunika shimo, kujenga kuta, milango minne, bati na tangi la maji ya kunawa. Nikafika kwenye safu inayouliza mchango wa wenyeji, na chini yake maandishi madogo: usiwe chini ya asilimia 10. Niliandika sifuri, nikapiga mstari, nikageuza ukurasa.

Mama mweka hazina hasomi Kifaransa, lakini anajua namba. Akaweka kidole juu ya ile sifuri.

«Mwalimu, hapa wanauliza nini?»

«Wanauliza sisi tunatoa nini, mama.»

«Na wewe umeandika hatutoi kitu?»

«Hatuna pesa, mama. Tuandike nini?»

Hakunijibu. Akainuka, akaenda chumbani, tukamsikia anasogeza sanduku. Akarudi na kaye la shule lenye jalada la buluu, limefungwa ndani ya kipande cha kitenge, linanuka sambaza na moshi. Alikuwa amekwenda nalo Sake. Katika yale yote mtu angeweza kubeba siku ile, yeye alibeba mtoto wa binti yake, sufuria moja, na hilo kaye.

Alikuwa ameandika kila siku ya lile shimo. Tarehe, nani alikuja, nani alipiga baramini, nani alibeba, nani alivunja, nani alileta maharagwe, nani hakuja na akalipa faini. Hajui kuandika majina yote vizuri, hivyo wengine aliwachorea alama: samaki, ndizi, kapu, jiko. Ukurasa kwa ukurasa. Mahali pengine unga ulimwagikia karatasi ikawa ngumu. Tulianza kuhesabu saa mbili za usiku. Mmoja anasoma, mmoja anaweka punje za maharagwe kwenye sahani, punje moja kwa siku moja ya mtu mmoja. Zikafika 214.

Wakati ule kibarua hapa kwetu alikuwa analipwa faranga 5,000 kwa siku. Ilikuwa faranga 1,070,000. Chakula, tukikadiria faranga 3,000 kwa kila siku ya kazi, 123,000. Baramini mbili, nyundo na patasi, 87,000. Jumla 1,280,000. Kwa dola, kwa faranga 2,000 kila moja, ilikuwa 640. Nikaweka juu ya dola 2,800 tulizoomba, nikagawanya mara mbili nikifikiri nimekosea. Mchango wetu ulikuwa zaidi ya asilimia 18 ya proje nzima. Karibu mara mbili ya walichotaka. Nami niliandika sifuri.

Si wote walifurahi. Mama wa makala alikataa kabisa chakula kuhesabiwa. Alisema maharagwe aliyoyaleta aliyaleta kwa vijana waliokuwa na njaa, na chakula kilichotolewa hakiwekewi bei, kwao ni mwiko. Nilimwelewa, na mpaka leo nafikiri alikuwa na haki. Kuna kitu kinachopotea unapochukua salongo, kazi ya pamoja ya majirani, na kuigeuza dola. Mama mweka hazina akamwambia, «Hatuwaombi watulipe. Wajue tu kama tulianza.» Wakabishana muda mrefu, kwa heshima, dada kwa dada. Mwishowe tukaacha chakula ndani, lakini mama wa makala akatuomba tutoe siku zake tatu za maharagwe, tukazitoa. Ndiyo maana hesabu niliyopeleka ilikuwa faranga 1,271,000. Hakuna aliyewahi kuniuliza hizo 9,000 zilikwenda wapi.

Halafu swali la mwisho, karibu saa tano. «Na kidole cha yule kijana?» Kijana mmoja alipondwa kidole na jiwe siku ya 27, kikakatwa. Kwenye kaye palikuwa na tarehe na msalaba mdogo. Nilitafuta safu ya kukiandika. Fomu haikuwa nayo.

Tulipeleka Ijumaa. Ilipita miezi 7 kimya, kisha wakaja watu wawili. Katiba ya kikundi waliitazama kama dakika moja. Kaye walilishika karibu saa nzima, wakauliza alama ya jiko ni nani, akaitwa, akaja na mikono ya unga. Walitoa nusu ya pesa. Tukajenga milango miwili badala ya minne, tangi tukaliacha. Kutoa hesabu kulikuwa mateso yake: walidai fakitire yenye kashe, yaani ankara yenye muhuri, kwa kila mfuko, na anayetuuzia mchanga hana fakitire, ana punda wawili na simu. Tulikaa wiki tatu tukimfuata aweke alama ya dole gumba.

Tangi tuliliomba tena mwishoni mwa 2024 kwa wengine, na pesa zao zilitoka Marekani. Januari 20, 2025, Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Wiki moja baadaye vita vilikuwa ndani ya mji. Julai mosi lile shirika la misaada la Marekani, USAID, likaacha rasmi kuendesha misaada. Ombi letu sijui limelala kwenye kompyuta gani.

Kwa hiyo narudi kwa swali lenu, na naona siwezi tena kuandika «kisiombe». Nilikosea nilipoanza. Kikundi kiombe. Lakini kisianze kuomba kwanza. Kianze kazi, na siku ya kwanza ya kazi kiwe na kaye, na kaye lishikwe na mtu asiyelala kabla hajaandika. Anayejua kusoma na anayejua kuandika si lazima awe huyohuyo anayejua kuhesabu watu. Na kile kisichopaswa kuhesabiwa, kama maharagwe ya mama wa makala, wakubaliane mapema kuhusu hicho, si usiku wa mwisho.

Hata hivyo nasema haya kwa woga. Kwa vikundi visivyo na mwalimu wa kujaza Kifaransa, sijui kaye peke yake lingefika wapi. Na kwa sasa, benki zikiwa hivi na wafadhili wakiwa hivi, mtu akiniambia amechoka kuomba sitambishia. Kikundi chetu chenyewe kimegawanyika. Choo kinafanya kazi, kinafagiliwa zamu kwa zamu, faranga 100 kwa mtu, lakini shimo linajaa, na hakuna atakayekubali kuchimba lingine kwenye lile jiwe. Linahitaji kufyonzwa na gari. Nimepitia fomu kadhaa zilizopo, zinapenda kujenga, kufyonza sikuona.

Jumamosi baada ya salongo tuna kikao cha kuamua kama tuandike ombi la kufyonza. Mama wa makala atapinga, ameshaniambia. Mimi nitasema ndiyo. Mama mweka hazina amenunua kaye jipya, la tatu, na ukurasa wa kwanza ameshaandika faranga 100 za kila siku tangu mwezi uliopita.