Re: Jina adimu la binti, lenye maana

Hongereni! Mmesema mnataka jina la binti lisilosikika kila kona, ila asije akachekwa shuleni. Mimi ningechukua Calliope. Ni la Kigiriki, maana yake "mwenye sauti nzuri", na katika visasili vyao ndiye mlezi wa tenzi za mashujaa. Nyumbani mnamwita Callie, mambo yameisha. Octavia nalo tamu, ila kwa Kilatini ni "wa nane". Kama ndiye kifungua mimba, mtaulizwa wale saba wako wapi 😂

Tarakimu achaneni nazo kabisa. Mwaka 2020 tajiri Elon Musk na mwanamuziki Grimes walitaka kumwita mtoto wao X Æ A-12, sheria ya California ikakataa namba, ikabidi wabadilishe iwe X Æ A-Xii (Xii ni 12 kwa Kirumi). Mtoto ataitikaje hapo jamani?