Usikimbilie fsck (programu ya kukagua na kurekebisha mfumo wa faili) kwanza

Pole sana ndugu. Kwa kuwa umeme ulikatika ghafla na sasa mfumo wa faili wa Linux yako unasomeka tu, hauandikiki, ni kerneli (kiini cha Linux) imeufunga makusudi ili uharibifu usisambae. Usiilazimishe iandike!

Anza na dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli. Ukiona "I/O error" nyingi (hitilafu za kusoma au kuandika), thibitisha kwa smartctl -a, inayoonyesha afya ya diski. Huenda diski yenyewe inakufa, na fsck itaimalizia. Hapo nakili kila kitu kwenye diski nyingine kwa ddrescue (programu ya kunakili diski mbovu), kisha rekebisha ile nakala, si diski ya asili. Hatua hii wengi wanairuka, na ndipo data hupotea moja kwa moja.

Diski ikiwa nzima, washa kompyuta kwa flashi yenye Linux, maana fsck haiendeshwi kwenye patisheni (sehemu ya diski) inayotumika. Kama mfumo wa faili ni wa aina ya ext4, tanguliza e2fsck -fn (e2fsck ndiyo fsck ya ext4) uone kasoro bila kubadili chochote, ndipo e2fsck -f irekebishe. Ikilalamikia superbloku (rekodi kuu ya mfumo wa faili), tumia nakala yake ya akiba: jaribu -b 32768 (kwa bloku za baiti 4096). XFS, aina nyingine ya mfumo wa faili, ina xfs_repair yake.

Faili zilizopoteza majina zitafute ndani ya folda ya lost+found.